Ukurasa wa Nyumbani: Picha ya Februari na Hesabu ya Desemba

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, kila mama mwenye ghala anajua kuwa mahindi yasiyofunguliwa na kuanikwa huliwa na fukusi ndani ya gunia, na siku ya njaa hutoka vumbi. Akiba ya kompyuta nayo ina fukusi wake. Mtu huweka nakala ya kazi zake, huifungia kabatini kwa miezi mingi, kisha siku ya msiba huitoa kwa matumaini makubwa. Ndipo agunduapo kwamba nakala haifunguki, au kwamba inafunguka lakini ni ya zamani, na mambo yaliyo muhimu hayamo.

Kisa cha nyumba moja ya Luzira chafaa kuwa somo kwa jamaa za askari popote walipo.

Luzira iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa mashariki wa jiji la Kampala. Watu wa mbali hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza lake kuu. Wenyeji huijua pia kwa bandari ya Port Bell, kwa viwanda vyake, na kwa ngurumo za radi zitokazo ziwani. Umeme katika sehemu za ziwa hilo una maadui wengi. Mwezi Aprili 2020, wakati maji ya ziwa yalipokuwa yamejaa kupita kiasi, kisiwa cha magugu kinachoelea kilikwenda kuziba mitambo ya kuzalisha umeme huko Jinja, na Uganda nzima ikaingia gizani. Taa ikizimika, mtu huwasha mshumaa akaendelea na shughuli zake. Kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika haina mshumaa.

Katika nyumba hiyo alikaa sajini mmoja wa magereza pamoja na mkewe na watoto wanne. Mama huyo alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake 24, wengi wao wake za askari. Kila mwanachama alitoa shilingi 10,000 kwa juma. Hadi mwanzo wa Desemba majuma 48 yalikuwa yametimia, na jumla ya michango ilikuwa shilingi 11,520,000. Fedha zenyewe zilikuwa salama benki. Lakini nani alitoa na nani alikosa, nani alikopa na nani alirudisha, hayo yote yalikuwa ndani ya kompyuta ya mezani iliyokuwa sebuleni. Daftari la karatasi liliandikwa hadi Juni tu, kisha likaachwa, kwa kuwa kompyuta ilionekana kuwa inatosha.

Mgawanyo wa fedha ulipangwa kufanyika Jumamosi. Jumatano jioni, mama akiwa anaingiza hesabu za juma la mwisho, radi ilipiga upande wa ziwani na umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka, ikaonyesha skrini ya buluu, ikajizima, ikawaka tena, na tena, bila kufika popote.

Sajini hakuwa na wasiwasi. Mwaka uliopita alikuwa amenunua diski ya nje, na mwanzoni mwa mwaka aliweka humo picha ya mfumo mzima.

"Usihangaike, Mama watoto," alisema. "Kila kitu kimo ndani ya diski hii. Kesho kijana atakuja kuirudisha."

Picha ya mfumo ni nini

Hapa yafaa kueleza jambo lenyewe, maana watu wengi huchanganya nakala za aina mbili.

Nakala ya kwanza ni ya mafaili: barua, hesabu, picha za harusi. Mtu huyanakili kwenye flashi kama anavyonakili kitabu. Nakala ya pili ndiyo picha ya mfumo. Hii huchukua kila kitu kilichomo katika diski ya kompyuta kwa pamoja: Windows yenyewe, programu zote, mipangilio, maneno ya siri na mafaili. Kompyuta ikiharibika, picha hiyo humwagwa juu ya diski, na mashine huamka ikiwa kama ilivyokuwa saa ile picha ilipopigwa. Haina haja ya kuweka programu moja moja, kazi ambayo yaweza kuchukua siku nzima.

Askari ataelewa upesi akikumbuka kitabu cha makabidhiano ya zamu. Anayeingia kazini saa kumi na mbili huhesabu silaha na funguo, akatia sahihi. Kitabu kile husema kweli juu ya saa kumi na mbili. Hakisemi lolote juu ya yaliyotokea saa tatu. Picha ya mfumo ni vivyo hivyo: ni shahidi mwaminifu wa saa moja tu.

Jijini Kampala upo mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo. Mwaka 2009 makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi yalipimwa kwa miale ya leza kupitia kazi ya shirika la CyArk la Marekani, na umbo lake likahifadhiwa katika kompyuta. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto. Vipimo vile vilibaki, na ni hazina. Lakini vipimo havikuweza kuezeka nyasi wala kurudisha vyombo vya kale vilivyoungua. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, kwa mikono ya mafundi wenye kujua mila, na ni Septemba 2023 tu UNESCO ilipoiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Picha husaidia kurudisha kilichokuwamo siku ilipopigwa. Kisichokuwamo hutafutwa kwingine.

Swali la mama

Alhamisi asubuhi kijana fundi alifika. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtoto wa jirani, mwenye bidii na haraka ya ujana. Alichomeka diski ya nje, akachomeka na flashi ya uokoaji, akaiamsha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Baada ya dakika chache picha ya mfumo ilionekana kwenye skrini pamoja na tarehe yake.

"Ipo, Afande," alisema kwa furaha. "Nibonyeze tu, na kabla ya chakula cha mchana mashine itakuwa imepona."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Hakujua mambo ya ndani ya kompyuta, lakini alijua hesabu.

"Mwanangu, picha hiyo ilipigwa lini?"

"Tarehe 3 Februari, Mama."

"Na leo ni mwezi gani?"

Kijana alinyamaza. Mama akaendelea, "Februari tulikuwa tumechanga majuma manne. Ukiirudisha hiyo, majuma mengine 44 yatakwenda wapi?"

Sajini alimtazama kijana, na kijana akaitazama skrini. Palikuwa na onyo dogo ambalo hakulisoma kwa makini: kwamba kurejesha picha kutafuta kila kilichomo katika diski ya kompyuta. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi. Kama angebonyeza, mashine ingepona kabisa, na hesabu za wanawake 24 zingekuwa zimefutwa na mkono wa tabibu mwenyewe.

Jambo hili ndilo kiini cha somo. Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imepoteza mafaili. Mara nyingi kilichoharibika ni Windows, na mafaili yangali yamelala salama katika diski ileile. Kurejesha picha haraka haraka ni sawa na kupaka chokaa ukuta ambao umeandikwa wasia. Kwanza nakili wasia, kisha paka chokaa.

Kuokoa kwanza, kurejesha baadaye

Kijana aliiacha picha, akaenda nyumbani kwao, akarudi na flashi nyingine yenye mfumo wa Linux. Mfumo huo huweza kuendesha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows iliyo mgonjwa. Kwa njia hiyo aliifungua diski ya ndani kama mtu anayefungua sanduku, akanakili makabrasha yote ya mama na ya watoto kwenye flashi ya tatu.

Hata hapo mama hakuridhika. Aliichukua flashi, akaenda nayo kwa jirani mwenye kompyuta nzima, akafungua faili la hesabu mbele ya macho yake. Lilifunguka. Majuma 47 yalikuwamo, kila jina na kila shilingi. Juma la 48, ambalo lilikuwa likiingizwa wakati umeme ulipokatika, halikuwamo. Juma hilo lingeweza kutafutwa katika stakabadhi.

Ndipo ruhusa ilipotolewa. Sajini aliazima kwa rafiki yake kifaa cha kuhifadhi umeme, ili mashine isizimike katikati ya kazi, kwani umeme ukikatika wakati wa kurejesha, diski hubaki nusu ya zamani na nusu ya mpya, na kazi huanza upya. Kijana alichagua picha ya tarehe 3 Februari, akathibitisha, akangoja. Kazi ilichukua muda wa saa moja na nusu.

Windows iliwaka vizuri. Lakini mama alipoandika neno lake la siri, lilikataliwa. Alijaribu mara mbili, akaanza kutoka jasho. Mtoto wa tatu, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyekumbuka.

"Mama, si ulilibadilisha wakati wa likizo ya Agosti? Jaribu lile la zamani."

Lile la zamani lilifungua. Kompyuta ilikuwa imerudi Februari kwa kila jambo, hata kwa neno la siri.

Jioni ile hesabu za majuma 47 zilirudishwa mahali pake kutoka kwenye flashi. Ijumaa wanachama waliitwa walete stakabadhi zao za juma la mwisho. Wanawake 22 walikuwa nazo. Wawili hawakuwa nazo, na wenzao walishuhudia kwamba walitoa. Jumamosi fedha ziligawanywa, na hapakuwa na mama aliyerudi nyumbani akinung'unika.

Mambo ya kukumbuka

Kwa msomaji anayetaka kuilinda kompyuta ya nyumbani kwake, haya yafuatayo yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, picha ya mfumo iwekwe katika diski ya nje, si katika diski ileile ya kompyuta. Diski ya kompyuta ikifa, hufa na vyote vilivyomo. Windows 10 na Windows 11 bado zina chombo cha kutengeneza picha hiyo, ingawa kampuni ya Microsoft tangu mwaka 2017 ilikiweka miongoni mwa vitu isivyoviendeleza tena, ikashauri watu watumie programu za watengenezaji wengine. Clonezilla ni mojawapo, nayo haina malipo, ila yataka mtu mwenye subira na mwenye kusoma maandishi kwa makini.

Pili, anayetumia chombo cha Windows ataona kabrasha liitwalo WindowsImageBackup. Asilibadili jina wala asiliingize ndani ya kabrasha jingine. Likihamishwa hivyo, chombo cha kurejesha hakitaliona, na mtu atadhani akiba yake imepotea.

Tatu, itengenezwe flashi ya uokoaji mapema, wakati kompyuta ingali nzima. Flashi yenye nafasi ya gigabaiti 16 au zaidi hutosha, lakini vyote vilivyokuwamo hufutwa, kwa hiyo itafutwe flashi tupu. Anayengoja hadi mashine ife ni sawa na mtu anayekwenda kununua ndoo nyumba ikiwa imeshika moto.

Nne, diski mpya itakayopokea picha isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Hata kama vitu vyenyewe ni vichache, chombo cha Windows hutazama ukubwa wa diski, nacho hukataa. Wengi wamenunua diski ndogo kwa kutafuta nafuu, wakalazimika kununua mara mbili.

Tano, kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski zake kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker. Anayetaka kuokoa mafaili kutoka katika diski ya namna hiyo ataombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za nyumba. Bila huo, hata fundi hodari hana la kufanya.

Sita, kompyuta ikisharejeshwa, iunganishwe na intaneti ili ipokee masahihisho yote yaliyotolewa tangu tarehe ya picha, kwa maana ulinzi wake nao umerudi nyuma. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nao wanaotaka kuhamia Windows 11 wafanye vema kupiga picha ya mfumo kabla ya safari, ili wakikwama njiani wapate pa kurudi.

Saba, na hili lawahusu jamaa za askari zaidi ya wengine: diski yenye picha ya mfumo ni nyumba nzima ndani ya kiganja. Mwenye kuiokota aweza kusoma barua, hesabu na picha za familia. Basi ifungiwe kama inavyofungiwa hati ya kiwanja. Na nyaraka za kazi zibaki kazini.

Kawaida ya kila juma

Nyumba ile ya Luzira ilijifunza. Picha ya mfumo sasa hupigwa kila baada ya miezi mitatu, maana programu hazibadiliki upesi. Hesabu za kikundi, ambazo hubadilika kila juma, hunakiliwa kila Jumapili jioni kwenye flashi mbili. Moja hukaa kabatini, nyingine hukaa kwa katibu wa kikundi huko Kitintale. Hivyo nakala ni tatu ukihesabu na ile ya kompyuta, na moja iko nje ya nyumba. Hata moto ukizuka, au familia ikipewa uhamisho na mizigo ikapotea njiani, hesabu itakuwapo.

Daftari la karatasi nalo limerudishwa kazini. Sajini alicheka alipoliona mezani mwezi Januari.

"Mama watoto, kompyuta ipo, flashi zipo, diski ipo. Karatasi ya nini tena?"

"Baba watoto," alijibu mama, "daftari haliulizi neno la siri."

Mwisho wa kila muhula wa shule, msichana yule wa darasa la sita hupewa kazi yake. Huchukua flashi, huifungua katika kompyuta nyingine, huchagua jina moja la mwanachama bila kupanga, na kulisomea hesabu kwa sauti, mama akifuatilia katika daftari. Yakilingana, flashi hurudi kabatini. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Hiyo ndiyo namna ya kuanika akiba juani.

Msomaji naye, kabla ya kulikunja gazeti hili, na aulize nyumbani kwake maswali mawili aliyoyauliza mama wa Luzira: picha yetu ilipigwa lini, na leo ni mwezi gani? Asiyepata jibu la swali la kwanza ajue kwamba hana akiba, ana diski tu.